Nimepitia kile kifurushi cha "jikinge na serikali ya kushoto": kina mazuri yake ila hofu imezidi

Wadau, kuna hizi huduma za kulipia mtandaoni za uchambuzi wa soko la hisa ambazo siku hizi zimeongeza kitu wanakiita tahadhari za kisiasa, yaani chama cha mrengo wa kushoto kikikaribia kushinda uchaguzi mahali, wao wanakutumia meseji: uza, hamia dhahabu, shika dola. Nimejiunga na mojawapo na nimekaa nayo vya kutosha kuijua, jina silitaji maana nyingi zinafanana na sina muda wa kubishana na mtu kwenye inboksi. Ninachopitia hapa ni kile kifurushi wanachokipigia debe kuliko vyote: mwongozo wa kueleza serikali ya kushoto ikiingia soko linakuwaje na mwenye hisa anafanywaje, pamoja na kikokotoo cha hatari, semina za mtandaoni na hizo meseji.

Kwa wenye haraka: mwongozo nyota tatu kati ya tano, kikokotoo moja, meseji sifuri.

Tuanze na mwongozo maana ndio wenye uzito. Lugha yake inaeleweka, hata mtu ambaye hajawahi kununua hisa hata moja atausoma mpaka mwisho, na kuna sura nitazisifia huko mbele. Kinachonikera ni grafu. Karibu zote zimekatwa pale bei ilipofika chini kabisa. Chukua ile ya India, imewekwa mwanzoni na rangi nyekundu ya kutisha: tarehe 17 Mei 2004, chama cha Congress kimeshinda bila kutarajiwa na kinahitaji kura za vyama vya kikomunisti bungeni ili kiunde serikali, viongozi wa vyama hivyo wanasema hadharani kwamba habari ya kuuza mashirika ya umma isahaulike, soko la Mumbai linafunguliwa na kuporomoka mpaka biashara inasimamishwa mara mbili siku hiyo hiyo, Sensex (kipimo cha jumla cha bei za hisa za Mumbai) inafunga imeshuka zaidi ya asilimia 11. Yote kweli. Halafu mstari unaishia hapo, ukingoni mwa ukurasa, na chini yake wameweka onyo kwa herufi kubwa. Wakomunisti hao hao waliiunga mkono serikali hiyo ya Congress, chini ya waziri mkuu Manmohan Singh, mpaka 2008, na Sensex iliyofunga siku ile kwenye 4,500 hivi ilivuka 20,000 kabla ya 2007 kuisha. Ongeza sentimita chache tu kwenye karatasi ile na hadithi inageuka, aliyeuza siku ile kwa kuogopa ndiye aliyeumia.

Ya Brazil hivyo hivyo, inaanza mapema 2002 na kuishia Oktoba 2002. Lula, mgombea urais wa kushoto, anaongoza kura za maoni, watu wanakimbia na hela zao, dola moja inakaribia reali 4, hisa za São Paulo zinadondoka. Mwongozo hausemi kwamba Juni mwaka ule Lula alitoa barua ya wazi kwa Wabrazil akiahidi kuheshimu mikataba, na alipoapishwa Januari 2003 Benki Kuu akampa Henrique Meirelles, mtu aliyewahi kuwa bosi wa benki ya Marekani ya BankBoston na aliyekuwa ametoka kuchaguliwa mbunge kwa tiketi ya chama pinzani. Riba ikapandishwa mpaka asilimia 26.5, wafuasi wake mwenyewe wakanung'unika, na Bovespa, kipimo cha bei za hisa za São Paulo, ikakaribia kuongezeka maradufu ndani ya 2003 peke yake. Kutoka chini ya 9,000 Oktoba 2002 ilifika juu ya 70,000 Mei 2008. Sasa tusimpe Lula sifa zote, China ilikuwa inanunua madini ya chuma na soya kama haina akili nzuri, na Brazil ilikuwa imekaa mkao wa kula. Lakini ndiyo hoja yangu hiyo, rangi ya chama ilieleza kipande kidogo tu cha kilichotokea.

Cha ajabu mfano ambao ungewasaidia kweli wameuacha, na uko nchi hiyo hiyo, chama hicho hicho. Septemba 2012 serikali ya Dilma Rousseff ilitangaza kushusha bei ya umeme, kampuni inayotaka kuongezewa muda wa leseni ya mabwawa yake ikubali kulipwa kidogo, hisa za kampuni ya umeme ya serikali, Eletrobras, zikapigwa vibaya sana. Kampuni ya mafuta ya Petrobras nayo ilikuwa inaagiza mafuta nje kwa bei ya dunia na kuyauza ndani kwa bei ya chini ili mfumuko wa bei usiruke, hasara inabaki kwenye vitabu vya kampuni, yaani kwako wewe mwenye hisa zako chache ambaye hakuna aliyekuuliza. Hapo hakuna aliyetaifisha chochote, yaani kukifanya mali ya serikali. Hisa unazo, jina lako liko kwenye daftari, ila gawio, yaani mgao wako wa faida, ndiyo halionekani. Mimi naona kwa mwekezaji wa kawaida hii ndiyo hatari halisi ya serikali ya kushoto, kampuni ambayo serikali ina sauti kubwa ndani yake inageuzwa chombo cha kuwapoza wananchi makali ya maisha. Kama mpiga kura naweza hata kuipenda sera hiyo! Kama mwenye hisa nataka niambiwe mapema. Mwongozo umeipa aya moja, halafu unarukia tena picha za wanajeshi na viwanda vilivyofungwa minyororo.

Haya, mazuri. Sura ya utaifishaji na fidia ni nzuri, na nadhani imeandikwa na mtu tofauti maana hata mwendo wa sentensi unabadilika. Wanaanza na Ufaransa. François Mitterrand, msoshalisti, alishinda urais tarehe 10 Mei 1981, kesho yake soko la Paris wauzaji walikuwa wengi kiasi kwamba hisa nyingi zilishindwa hata kupata bei, na sheria ya Februari 1982 ikachukua makampuni makubwa ya viwanda kama Saint-Gobain na Rhône-Poulenc, pamoja na makampuni ya fedha ya Paribas na Suez, na mabenki 36. Ila kabla ya sheria hiyo kupita, Baraza la Katiba lilikuwa limeikataa ya kwanza mwezi Januari kwa sababu fidia haitoshi, serikali ikalazimika kuongeza dau, na wenye hisa wakalipwa hati fungani (karatasi za deni) zenye riba. Hawakutoka mikono mitupu. Walioumia zaidi ni walioshika sarafu, maana faranga ilishushwa thamani Oktoba 1981, Juni 1982 na tena Machi 1983, mwezi ambao Mitterrand mwenyewe aligeuza gia na kuanza kubana matumizi. Kampuni kadhaa kati ya hizo zilirudishwa sokoni kuanzia 1986 serikali ilipobadilika, Saint-Gobain ikiwa ya kwanza kabisa.

Wanachotaka ukishike hapo ni kwamba kabla ya kuuliza kama watataifisha, uliza kuna mahakama gani ya kuwaambia hapana, na fidia inapangwa na nani. Safi sana, hii peke yake inalipia nusu ya kifurushi.

Kisha wanakuja Venezuela, na hapa siwapingi, ni msiba kweli. Januari 2007 rais Hugo Chávez alitangaza kuchukua kampuni ya simu ya CANTV na ya umeme ya Caracas, soko la Caracas likaanguka karibu asilimia 19 siku moja. Kampuni kubwa ya nje ikapata cha kuzungumza, AES ya Marekani ililipwa dola milioni 739 kwa hisa zake za umeme na ikaondoka zake. Mwenyeji aliyebaki na hisa za kampuni nyingine ndiye aliyekwama, kwa sababu udhibiti wa fedha za kigeni ulikuwapo tangu 2003, hela yako haitoki. Nilichotaka wakieleze hawajakieleza: kuna miaka faharisi ya Caracas, yaani kipimo cha bei za hisa zake, ilikuwa inapaa kwa mabolivari, hela ya huko, na kuongoza orodha za dunia, watu wasiojua wakadhani kuna utajiri kumbe ni mfumuko wa bei tu umevaa suti. Ukitazama soko la nchi kama hiyo, badilisha kila namba kuwa dola kwanza, kwa bei ya mtaani siyo ya serikali, ndipo ushangilie au ulie. Mwongozo unaonyesha grafu moja ya mabolivari bila maelezo yoyote na nusu ya wasomaji wataondoka wakidhani Chávez alitajirisha wanahisa, kinyume kabisa cha walichokusudia, nilicheka peke yangu.

Kuna pia kurasa mbili kuhusu soko kufungwa kabisa, kitu ambacho wachambuzi wengi hawakigusi. Ureno baada ya mapinduzi ya 25 Aprili 1974, soko la Lisbon lilifungwa, mabenki yakataifishwa Machi 1975, na hisa hazikuanza kuuzwa tena mpaka 1977. Fikiria, miaka karibu mitatu karatasi zako ziko ndani ya droo na hakuna wa kukuambia zina bei gani. Ugiriki chini ya chama cha kushoto cha Syriza mwaka 2015 ilikuwa wiki tano tu, kuanzia 29 Juni mpaka 3 Agosti, watu wanaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku kwenye mashine, na soko lilipofunguliwa likadondoka asilimia 16 siku ile ya kwanza. Mwongozo unasema sababu ni serikali ya kushoto, mimi nasema nusu tu. Ugiriki ilikuwa imeshazama kwenye madeni chini ya serikali zilizotangulia, za pande zote mbili, na kilichofunga mabenki ni pale Benki Kuu ya Ulaya ilipokataa kuongeza msaada wa dharura wakati mazungumzo na wakopeshaji yamevunjika. Syriza walicheza karata yao vibaya, hilo sibishi, ila meza waliikuta imeshapinduka.

Sura ya kodi ndiyo niliyoipenda zaidi, na ndiyo fupi kuliko zote, sijui kwa nini, labda kodi haiuzi. Sweden mwaka 1984, serikali ya kushoto ya Social Democrats iliweka kodi kwenye kila muamala wa hisa, nusu asilimia kwa anayenunua na nusu kwa anayeuza, 1986 wakaizidisha mara mbili. Wafanyabiashara hawakuandamana wala nini, walihamisha tu biashara yao London, kufikia 1990 zaidi ya nusu ya biashara ya hisa za Sweden ilikuwa inafanyikia huko, na 1991 kodi ikafutwa. Halafu ona: Social Democrats hao hao ndio walioondoa kodi ya mirathi mwaka 2004. Sasa mtu akikuambia "kushoto maana yake kodi" mwambie akupe mwaka na jina la kodi.

Uingereza 1997 nayo imo. Chama cha kushoto cha Labour, chini ya Tony Blair, kiliingia madarakani na siku chache baadaye waziri wa fedha Gordon Brown akaipa Benki Kuu ya Uingereza uhuru wa kupanga riba, watu wa soko wakapiga makofi. Julai bajeti yake ya kwanza ikaja na kodi ya mara moja kwa makampuni ya huduma yaliyobinafsishwa, ya pauni bilioni 5.2, na hiyo nayo kila mtu alikuwa anaisubiri maana ilikuwa kwenye ilani. Kilichopita kimya kimya ni kufutwa kwa nafuu ya kodi kwenye gawio linalolipwa kwa mifuko ya pensheni. Mpaka leo Waingereza wa pensheni wakiikumbuka wanakunja sura. Funzo lake kwa mwekezaji ni la vitendo kabisa, soma bajeti mpaka viambatisho maana hotuba inakuonyesha ile sehemu wanayotaka uione. Hapa waandishi wa mwongozo wamefanya kazi nawapongeza.

Sasa kikokotoo. Jamani. Unachagua nchi, sekta, chama kinachotarajiwa kushinda, kinakupa rangi na namba ya hatari. Nilijaza benki fulani kwenye nchi fulani ya Ulaya, chama cha kulia, kikaniletea kijani. Nikarudi nikabadilisha kitu kimoja tu, chama kikawa cha kushoto, deni la taifa lile lile, benki ile ile, kikaniletea nyekundu na hatari zaidi ya mara mbili. Hakikuniuliza chama hicho kitakuwa na wabunge wangapi, Benki Kuu ina uhuru au haina, serikali inakopa kwa sarafu yake au ya watu, nakisi (matumizi ya serikali yanayozidi mapato) ikoje. Yaani hicho siyo kikokotoo, ni maoni ya mtu yaliyovalishwa namba. Kwa mantiki yake waziri mkuu Liz Truss wa Uingereza alikuwa kijani kibichi, mhafidhina, kodi chini, kila kitu. Tarehe 23 Septemba 2022 serikali yake ikatangaza kupunguza kodi bila kusema hela itatoka wapi, ndani ya siku tatu pauni ikafika karibu dola 1.03, hati fungani za serikali zikaporomoka mpaka Benki Kuu ikabidi iingie kununua tarehe 28 kuokoa mifuko ya pensheni. Italia Agosti 2023, serikali ya Giorgia Meloni, ya kulia, ilitangaza usiku kodi ya asilimia 40 kwa faida ya ziada ya mabenki, asubuhi hisa za mabenki zikamwagika na serikali ikaanza kulegeza kabla siku haijaisha. Ile benki yangu ya kijani ingekula hasara hapo hapo.

Meseji za tahadhari ndizo zilizonikasirisha kuliko vyote kwa sababu zinawatoa watu hela mfukoni. Mexico, Claudia Sheinbaum alishinda urais Jumapili ya tarehe 2 Juni 2024. Kesho yake soko la Mexico lilishuka karibu asilimia 6 na peso karibu 4. Meseji yangu ya "uza" ilifika soko limeshafunguliwa na bei imeshadondoka, na sababu waliyoiandika ilikuwa kwamba mgombea wa kushoto ameshinda. Lakini kushinda kwake kulijulikana miezi na miezi, kura za maoni zote zilikuwa zinasema hivyo, soko lilikuwa limeshaihesabu hiyo. Kilicholishtua soko ni viti vya bunge, muungano wake ulipata wingi unaotosha au unaokaribia kutosha kubadilisha katiba, na mpango wa kubadilisha mahakama ulikuwa mezani tayari. Hiyo ndiyo habari, na haikuwamo kwenye meseji. Linganisha na Chile, Gabriel Boric, naye wa kushoto, alishinda urais 19 Desemba 2021, soko la Santiago likaanguka asilimia 6 hivi kesho yake, karibu sawa na Mexico, ila yeye alikuwa na bunge lililogawanyika katikati, na Septemba 2022 rasimu ya katiba mpya aliyoiunga mkono ikakataliwa na wapiga kura kwa karibu asilimia 62. Siku ya kwanza zote mbili zilifanana. Nguvu ya kufanya kitu baada ya siku ya kwanza haikufanana hata kidogo, na huduma ya kulipia ndiyo inapaswa kunitenganishia hivyo viwili, kushuka kwa bei naona mwenyewe bure.

Semina sina mengi. Msemaji anajua kuongea, saa ya kwanza ni historia, saa ya pili ni dhahabu na dalali wao ambaye ukijiunga kupitia kiungo chao wanapata kamisheni, jambo ambalo wameliandika kwa herufi ndogo mno chini ya skrini. Mtu mmoja aliuliza swali zuri sana kwenye semina, kwamba mbona Marekani utafiti mmoja maarufu uliochapishwa 2003, wa data za 1927 mpaka 1998, ulikuta soko lilifanya vizuri zaidi chini ya marais wa Democrats kuliko Republicans, ikaonekana msemaji hakulipenda. Akasema Democrats siyo kushoto ya kweli. Sawa, basi kwenye kikokotoo chenu mbona wamewekwa upande huo huo?

Kujitoa siyo kugumu kama nilivyoogopa, kitufe kipo, ila kiko ndani kabisa ya ukurasa wa malipo na kabla hakijakubali kinakupa punguzo ubaki. Huduma kwa wateja wanajibu kwa heshima, niliwaandikia kuhusu grafu zilizokatwa wakanishukuru kwa maoni, mpaka naandika hapa grafu ziko vile vile.

Kama unashika hisa za umeme, mafuta, migodi au mabenki kwenye nchi inayokaribia uchaguzi, ule mwongozo utakufaa, soma sura za fidia na kodi, mengine pita. Kama unashika mfuko wa hisa za dunia nzima na huna mpango wa kuuza karibuni, hukihitaji kabisa hiki kifurushi. Mimi nimeshuka mpaka kile cha bei ya chini chenye kalenda ya chaguzi na tarehe za bajeti tu, kalenda yao iko vizuri, na meseji nimezima.